Tupeane uzoefu: ni tukio gani la kawaida, au habari gani, iliyokupa somo la imani?

Mwenye mada
Wapendwa, Bwana asifiwe. Leo asubuhi nimepoteza funguo za nyumba. Nimeinua magodoro, nimefagia uvungu wote, nikamkumbuka yule mama wa Luka 15 mwenye drakma 10 aliyepoteza moja akawasha taa. Nikajipa moyo kwamba nami nitaita majirani tushangilie. Kumbe funguo zilikuwa mlangoni, upande wa nje, zinaning'inia tangu jana jioni. Nimelala usingizi wa pono nikijua nimejifungia, na yeyote aliyepita angeweza kuingia. Hapo Luka 15 ikanitoka, ikaja Zaburi 127: Bwana asipoulinda mji, mlinzi anakesha bure. Ninyi je? Mwageni yenu.

Mgeni Njiani
Somo hapo ni ununue komeo.

Binti Mpole
😂😂 Amina kwa komeo.
Mimi langu fupi. Mama yangu amepoteza kumbukumbu. Mimi ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Lakini nikianza "Baba yetu uliye mbinguni" anaipokea na kuimaliza yote, hakosei neno. Sijui niite somo au nini. Nimeweka tu hapa.

Fundi wa Usiku
Binti, umenifikisha mbali.
Langu mimi ni habari ya wale wachimba migodi wa Chile waliofukiwa chini ya ardhi, 2010. Kila mtu anakumbuka siku ya 69 walipopandishwa mmoja mmoja, watu wakilia mbele ya televisheni. Mimi kilichonikaa ni zile siku 17 za mwanzo. Juu hakuna aliyejua kama wako hai, lakini mashine ziliendelea kutoboa mwamba, nyingine zikiwapita pembeni. Mpaka moja ikapandishwa na karatasi imefungwa kwenye chuma: wote 33 wako salama. Mwaka ule mdogo wangu alikuwa ameondoka nyumbani bila kuaga. Nikajiambia, kuomba ndiko huku, unatoboa hujui kama chini kuna mtu.
Hajarudi mpaka leo. Natoboa.

Kengele ya Alfajiri
Wapendwa mnazunguka. Fungueni taarifa ya habari: vita, matetemeko, mafuriko. Mathayo 24 inatimia mbele ya macho yenu na ninyi mnajadili funguo! Amkeni.

Mzee wa Kuhoji
Mtumishi, Mathayo 24:6 inasema pia msitishwe, ule mwisho bado. Mwaka 2011 Harold Camping alitangaza redioni kule Marekani kwamba Mei 21 ndiyo siku. Watu walitoa akiba zao kulipia matangazo. Mei 22 jua likachomoza kama kawaida, na baadaye yeye mwenyewe akakiri amekosea. Hiyo nayo ni habari yenye somo, mbona huitaji?

Kengele ya Alfajiri
Mimi sijataja tarehe. Usiniwekee maneno mdomoni.

Mzee wa Kuhoji
Hujataja, ila umetupigia kengele. Na Fundi, samahani, sikukebehi: wale 33 tunasema waliombewa wakatoka. Walioangukiwa na migodi mingine wasitoke, wao hawakuombewa?

Msafiri wa Zamani
Huwa nasoma tu na kupita. Swali la Mzee limenikalia kooni.
Miaka kadhaa iliyopita nilikata tiketi ya basi la alfajiri. Usiku nikashikwa na homa, nikalala nikapitiliza. Nafika kituoni basi limeondoka, nikarudi nyumbani nikilaani. Saa sita mchana redio ikasema basi limegongana na lori, wapo waliokufa. Nilipiga magoti palepale jikoni, sikumbuki niliomba nini, nadhani nilipiga kelele tu.
Jumapili nikaomba nafasi ya ushuhuda. Nilieleza vizuri, maana nilikuwa nimejipanga. Nikasema Mungu anawajua walio wake, akanitoa kwenye lile basi kwa mkono wake. Kanisa likasimama, vigelegele, kinanda kikapanda. Nilitoa na sadaka ya shukrani.
Benchi la tatu kulikuwa na dada mmoja wa kwaya ya kina mama, peke yake hakusimama. Nilimwona. Na nitasema ukweli, moyoni nilimhukumu: huyu ana roho ya wivu.
Tunatoka nje, mzee wa kanisa akanivuta pembeni. Akasema, "Kaka yake alikuwa kwenye basi lile. Wamemzika jana."
Sijawahi kusimama mbele ya kanisa tena.

Binti Mpole
Jamani.

Fundi wa Usiku
Pole sana kaka.

Kengele ya Alfajiri
Usijute. Utukufu ulikuwa wa Mungu. Ushuhuda hauzuiwi na huzuni ya mtu mmoja.

Mgeni Njiani
Wewe kengele hebu nyamaza kidogo.

Mzee wa Kuhoji
Yesu naye aliletewa habari ya namna hii, Luka 13. Pilato alikuwa amewaua Wagalilaya kwenye dhabihu zao. Yesu akaongeza mwenyewe ya pili, mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18. Akauliza, mnadhani wao walikuwa wakosaji kuliko wengine? Akajibu, sivyo.

Kengele ya Alfajiri
Malizia basi mstari! "Msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo."

Mzee wa Kuhoji
Naumalizia. Aliwaambia waliokuwa hai wamesimama mbele yake. Waliofukiwa hakuwatumia kama mfano wa ubaya, na waliopona hakuwapa cheti.

Mama Kibarua
Msafiri, nenda ukamwombe radhi yule dada.

Kiti cha Nyuma
Asiende! Atatonesha kidonda. Mwombee tu kimyakimya.

Mgeni Njiani
Aende na asiseme neno Mungu hata mara moja. Abebe kuni, apasue, arudi.

Mama Kibarua
Kuni za nini sasa, huyo dada amekwambia hana jiko?

Msafiri wa Zamani
Nilienda. Ilinichukua miezi minne. Alinifungulia mlango kama vile alijua. Nikaanza maneno yangu ya kuomba radhi, akanikata: "Na mimi alfajiri ile niliomba, kabla hajatoka. Yangu yalienda wapi?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandaa Warumi 8:28, ile ya Mungu kuwapatia mema wampendao katika mambo yote, nikaimeza. Tulikaa pale mpaka giza, akawasha taa, nikaaga.
Siku hizi Jumapili nakaa benchi la nyuma yake. Habari ile hatuigusi. Akiona sikuja na kitabu cha nyimbo, ananipa chake, yeye anaimba kwa kichwa.

Fundi wa Usiku
🙏

Kengele ya Alfajiri
Nimesoma. Sina la kuongeza.

Mwenye mada
Nami nilileta funguo tu. Komeo nimenunua, kwa taarifa yenu. Binti Mpole, mama anaendeleaje?

Binti Mpole
Jana alifika "utupe leo riziki yetu" akasimama, akaniangalia. Nikamalizia mimi.