Tupeane uzoefu: nyumba ilipokaribia mnada, nani alikusaidia bila kukudai hata senti?

Mvuvi wa Kibirizi
Jana nimepita Katubuka, hapa Kigoma, nikakuta nyumba ya mtu ninayemfahamu imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Nilisimama pale mpaka bodaboda akanipigia honi. Mwaka 2024 nusura rangi hiyo ipakwe kwangu.

Nilikopa kwa dhamana ya nyumba yangu ya Gungu, ninunue mashine na nyavu za dagaa. Nilikuwa nalipa vizuri. Tarehe 15 Mei Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi mpaka 15 Agosti, na kila mvuvi anaikumbuka miezi ile. Ziwa lilifungwa, marejesho hayakufungwa. Afisa mikopo akipiga, nakata. Akija, watoto wanamwambia baba kasafiri.

Mke wangu alikwenda ofisi ya maendeleo ya jamii pale halmashauri kuulizia mambo ya kikundi chao, akarudi na namba ya msaidizi wa kisheria wa kata yetu. Mama yule alikuja jioni, umeme hakuna, akausoma mkataba wote kwa mwanga wa simu. Akatuandikia barua ya kuomba marejesho yapangwe upya, tukaambatanisha tangazo la kufungwa kwa ziwa. Benki wakakubali tulipe riba peke yake mpaka ziwa lifunguliwe, na muda wa mkopo wakauongeza mwaka mmoja. Tulimpa nauli akakataa. Alisema sheria ya 2017 ya msaada wa kisheria haimruhusu kumtoza mtu asiye na uwezo.

Yaliyokukuta na wewe yaandike, na hasa useme ulisaidiwa wapi. Kuna watu wa Kigoma na Tabora wanasoma hapa saa nane za usiku kwa sababu usingizi umewakimbia.

Binti Isevya
Hapo pa kukata simu. Nilikata miezi mitano.

Mzee wa Cheyo
Mimi nitasema ambalo hamtapenda. Deni ni deni. Ulipochukua hela hukumwita msaidizi wa kisheria.

Mvuvi wa Kibirizi
Mzee wangu shikamoo. Deni nalilipa mpaka leo, halijafutwa hata shilingi. Nilichoomba ni muda.

Mwalimu Urambo
Uzi huu umenigusa pabaya. Acha niseme.

Mkopo wangu ulikuwa wa kilimo, tumbaku, dhamana ni nyumba ya Tabora mjini niliyojenga kwa miaka kumi na mmoja. Msimu ule jani liliharibika kwenye bani, banda la kukaushia, na malipo yakachelewa. Nikaletewa notisi: ndani ya siku sitini nisipolipa nilichochelewesha, deni lote linadaiwa kwa mkupuo. Siku sitini ni nyingi ukizitumia. Mimi nilizikabidhi kwa mtu aliyejitambulisha kuwa wakili. Suti, mkoba, mhuri. Alichukua laki nne "za kufungulia faili", akachukua laki mbili "za karani", akawa ananiambia zuio, amri ya kusimamisha mnada, limeshatoka, nisubiri nakala.

Wiki ya Sheria ilipofika, mwishoni mwa Januari, nikaenda viwanja vya mahakama ambako mawakili hutoa ushauri bure. Dada mmoja akaniuliza jina la wakili wangu, akalitafuta kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wenye orodha ya mawakili. Hayumo. Akatafuta tena kwa kubadilisha herufi. Hayumo. Alinitazama kwa huruma ambayo sitaisahau. Nyumba ilikuwa imebakiza siku nne.

Iliuzwa. Sasa hivi nimepanga vyumba viwili Ipuli.

Mama Shukuru
Pole sana mwalimu. Nimelia.

Kijana wa Mwanga
Vishoka hao wamejaa kila mkoa. Akitaka hela kabla hajausoma mkataba wako, ondoka.

Fundi Kanyenye
Wadau mnazunguka sana. Hamisha nyumba kwa jina la mtoto, mchezo umeisha.

Kijana wa Mwanga
Hati iko benki na rehani imesajiliwa, unahamisha nini? Utamtia mzazi wa mtu matatani.

Fundi Kanyenye
Basi akope kwa hawa wa kausha damu, wa mitaani wenye riba kali, atulize benki kwanza.

Binti Isevya
Usimshauri mtu hivyo kaka! Mimi ndivyo nilivyofanya. Nikawa na wadai wawili, na wa pili alikuja kuchukua friji na magodoro watoto wakiwa wamelala.

Mwana Ujiji
Naandika kwa mara ya kwanza hapa. Mtanisamehe ni ndefu.

Niliamka asubuhi ya Jumamosi, mvua inanyesha, nikasikia kipaza sauti. Nilidhani ni tangazo la msiba. Nikasikia namba ya kiwanja, nikasikia mtaa, nikasikia jina la mume wangu. Nikatoka na kanga moja. Dalali amesimama chini ya mwembe wangu na watu kama kumi na tano, wengine nimewazoea sokoni, wameshika miavuli wanaitazama nyumba yangu kwa kuipima. Mume wangu yuko Uvinza kwenye chumvi, simu haipatikani. Mimi sikuwa najua kama kuna mkopo.

Nilikaa chini kwenye tope, mlangoni. Nikasema humu ataingia mtu akinikanyaga. Mama mkwe wangu, bibi wa miaka themanini, akaja akakaa kando yangu. Mvua ikazidi, wanunuzi wakaanza kuondoka mmoja mmoja, dalali akaahirisha.

Jumatatu nikaenda na jirani yangu kwa wasaidizi wa kisheria. Wakaniuliza, mama, ulisaini ridhaa? Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, iko kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971 na kwenye Sheria ya Ardhi. Nikasema sijasaini kitu. Tukaomba nakala. Kwenye fomu ya ridhaa kuna jina langu, jina la baba yangu, na picha ya mwanamke mwingine.

Kijana wa Mwanga
Subhanallah.

Mama Shukuru
Mwanamke gani? Unamjua?

Fundi Kanyenye
Dada usituache hapo, ni nani yule?

Mzee wa Cheyo
Wapo wanawake wanaosaini kabisa, mambo yakiharibika wanakana. Nimeyaona.

Mama Shukuru
Mzee, mwenzako amekaa kwenye tope na mama mkwe wake wa miaka themanini, wewe unaleta hayo? Picha si yake. Soma tena.

Mzee wa Cheyo
Sijasema ni yeye. Nimesema wapo. Lakini nimekosea wakati wa kulisema. Dada, pole.

Mvuvi wa Kibirizi
Jamani, huyo mwanamke tumwache. Dada, ulipata wapi zuio?

Mwana Ujiji
Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wasaidizi wa kisheria hawaruhusiwi kusimama mahakamani kunitetea, lakini walinikutanisha na wakili wa kujitolea, akaandaa maombi ya zuio. Nililipia nakala na usafiri tu. Shauri bado linaendelea. Nalala ndani.

Mtoto wa Nzega
Si unaanzia Baraza la Kata?

Kijana wa Mwanga
La Kata tangu 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu ya ardhi. Ila waulize wasaidizi wa kisheria wakuandikie njia, maana kuna mashauri yanayotakiwa yapite kwenye usuluhishi kwanza. Usiamue mwenyewe kwa kusoma hapa.

Bwana Asali, Sikonge
Mimi niliuza mwenyewe. Nilipoona siwezi, nikaenda benki nikawaomba waniache nitafute mnunuzi, wakaniandikia barua. Nikalipa deni, iliyobaki nikanunua kiwanja kidogo Kiloleni. Inauma, ila nilichagua mimi.

Binti Isevya
Na aliyeonewa na benki, andika malalamiko kwao kwanza upate majibu ya maandishi. Wasipokusikiliza, Benki Kuu wanapokea malalamiko ya wateja bila malipo. Mimi nilipeleka habari ya tozo ambazo hazikuwa kwenye mkataba, zikaondolewa.

Wakala Gungu
Mimi nasema usiwasogelee benki kabisa mpaka uwe na wakili.

Bwana Asali, Sikonge
Mimi nilikwenda peke yangu na kofia mkononi, wakanisikiliza.

Kijana wa Mwanga
Mwalimu Urambo, umekaa kimya. Naomba kuuliza, iliuzwa shilingi ngapi?

Mwalimu Urambo
Milioni kumi na nane. Ya jirani, ramani ileile, iliuzwa thelathini mwaka huohuo.

Kijana wa Mwanga
Na tangazo lilibandikwa lini?

Mwalimu Urambo
Jumatano. Mnada Jumamosi.

Kijana wa Mwanga
Mwalimu, nisikilize. Ardhi haiuzwi mnadani bila tangazo la angalau siku kumi na nne. Na sheria ya ardhi inasema nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia ishirini na tano au zaidi, inachukuliwa kwamba aliyeuza amevunja wajibu wake, mpaka athibitishe vinginevyo. Toa kumi na nane kwenye thelathini. Sisemi utairudisha nyumba. Nasema una la kuuliza, na kuuliza ni bure.

Mwalimu Urambo
Sikulijua hilo. Hakuna aliyeniambia.

Mzee wa Cheyo
Mwalimu, mimi niko Cheyo, nawafahamu wasaidizi wa kisheria wa hapa mjini. Nitakupeleka. Jirani aliyeuza thelathini bado yupo?

Mwalimu Urambo
Yupo, na karatasi ya mauziano anayo. Tangazo nililibandua siku ileile ukutani, liko kwenye bahasha na notisi zote. Jumatatu nina vipindi viwili vya asubuhi, saa tano nitakuwa nimemaliza.

Mzee wa Cheyo
Saa tano na nusu basi, stendi.