Kitunguu saumu badala ya antibayotiki kwa kuku: naomba ushauri

Wadau, hamjambo. Nafuga kuku wa mayai 200 hapa Bahati, Nakuru. Tangu wakiwa vifaranga, wakipiga chafya tu nawatilia antibayotiki kwenye maji. Mwenye agroveti ndiye aliyenizoesha: "Tia kijiko, watakaa sawa." Sasa dawa ileile haishiki. Mwezi uliopita nilimaliza pakiti mbili na bado wakaendelea kuhara. Mayai ya siku zile niliyafukia, maana masalio ya dawa yangeishia kwa watoto wa watu. Hasara ilikuwa yangu.

Jirani ananishauri nitumie kitunguu saumu. Hilo linaniingia akilini kidogo: alisini, ile kemikali yake inayoua bakteria, hutokea kitunguu kinapopondwa, na moto huiharibu, kwa hiyo kukichemsha ni kazi bure. Tena kavakroli na thimoli, kemikali zilizomo kwenye mafuta ya oregano (mmea wa kiungo), hutoboa utando wa bakteria. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo mwaka 2006, vitu vya namna hii vikazidi kutafutwa. Lakini kukinga si kutibu. (Mama mkwe wangu yeye, ugonjwa wowote ni mwarobaini tu!)

Aliyejaribu anisaidie: unaweka kiasi gani kwa kilo ya chakula? Mayai hayanuki kitunguu? Nianze na kuku 20 pembeni? Na hapa Nakuru nimpeleke wapi kuku mgonjwa apimwe, nijue kama ni bakteria au koksidia (vimelea vya utumbo), kabla sijapoteza pesa nyingine?