Naomba ushauri: nina mimba ya wiki 26 na natumia dawa za sonona

Habari zenu wapendwa. Nina miaka 29, hii ni mimba yangu ya pili. Baada ya kujifungua mtoto wa kwanza nilipata sonona kali. Mtoto analia kitandani, mimi nimekaa sakafuni naangalia ukuta, maziwa yamelowesha gauni na sina nguvu ya kumnyanyua. Daktari alinianzishia sertraline miligramu 50, taratibu nikarudi kuwa mtu.

Nilipogundua nina mimba hii niliacha dawa siku hiyo hiyo, kwa hofu ya kumdhuru mtoto. Nilikosea sana. Siku chache tu kizunguzungu, kichwani kama napigwa shoti ya umeme, usingizi hakuna, moyo unaenda mbio usiku kucha. Daktari akanirudishia, akasema kuacha ghafla ni hatari, na sonona isiyotibiwa nayo humuumiza mama na mtoto. Akaongeza kwamba kwenye maziwa hupita kiasi kidogo tu, ila mtoto akizaliwa aangaliwe siku za mwanzo kama anatetemeka au ananyonya kwa shida.

Sasa mama mkwe ameona pakiti. Anasema namlisha mjukuu wake sumu, na mume wangu ameanza kuyumba. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Dada zangu mliopitia haya, mlinyonyesha mkiwa kwenye dozi? Wakwe mliongea nao vipi? Na wakunga wa leba niwaambie mapema, au kuandikwa kwenye kadi ya kliniki kunatosha?