Kwa nini Ng'andu ni moto kuliko Zebaki na Zebaki ndiyo iko karibu na jua?

MamaK_Nakuru
Habari zenu wapendwa, naomba mnisaidie hapa. Jumapili nilipeleka kijana wangu Menengai, lile shimo kubwa la hapa Nakuru, ako gredi ya 8 na wamefika kwa mambo ya sayari, sasa tukiwa pale juu kwa ukingo tunaangalia ile lava nyeusi chini akaniambia mama, hili shimo lilichimbwa na jiwe kutoka angani kama yale ya Zebaki. Nikamwambia hapana hii ni volkano, lakini kueleza zaidi nikashindwa. Tukiwa kwa matatu tunarudi akaleta lingine, eti Ng'andu (kuna wanaoiita Zuhura) ni moto kuliko Zebaki. Mimi najua anayekaa karibu na jiko ndiye anaungua. Hizi sayari nne za mawe, Zebaki, Ng'andu, hii yetu na Mirihi, si zilitoka kwa vumbi moja? Mbona moja ni tanuri, nyingine jangwa la baridi na sisi tuko hapa tunapalilia mahindi? Nataka kitu cha kumwelewesha mtoto, si cha kukariri tu.

fundi_wa_visima
Mama K kwa hilo shimo ulimjibu sawa kabisa. Nimefanya kazi ya kuchimba visima vya mvuke huku Bonde la Ufa miaka kadhaa. Menengai ilikuwa mlima mzima, magma (mawe yaliyoyeyuka huko chini) ikamwagika nyingi, chini pakabaki pamelegea, paa likaporomoka ndani. Ndiyo maana ni pana hivyo, karibu kilomita 12 kwa 8. Ya Zebaki mengi ni ya kugongwa kweli, moja linaitwa Caloris upana wake unapita kilomita 1,500. Na mwambie kijana Dunia pia ilipigwa na mawe hivyo hivyo, ni vile huku mvua na mito na lava vimefuta makovu na ganda lenyewe linasukumana na kuzama, lakini Zebaki hakuna mvua, hakuna upepo, alama ikishaingia inakaa.

Kitu ninachopenda zaidi kuhusu Zebaki ni chuma. Kiini chake kimejaza kama asilimia 85 ya kipimo cha kutoka katikati hadi juu, yaani ni donge la chuma lenye ngozi ya mawe. Hilo donge limekuwa likipoa na kunywea, sasa ngozi ikajikunja. Umeona tunda la pasheni likikaa siku kadhaa kwa meza? Ndivyo hivyo, ila mikunjo ya Zebaki ni majabali yenye urefu wa mamia ya kilomita.

Kuhusu joto la Ng'andu nafikiri ni volkano. Chombo cha Magellan kiliipima kwa rada kati ya 1990 na 1994 na wakahesabu volkano kubwa zaidi ya 1,600, kwa hivyo chini kuna moto si kidogo.

mwalimu_jio_Kisumu
Ndugu fundi umeeleza vizuri lakini hapo mwisho naomba tusimpeleke mtoto kando. Volkano ziko, na mwaka wa 2023 watafiti walirudia zile picha za Magellan wakakuta mdomo mmoja wa volkano kwa mlima wa Maat ulibadilika umbo ndani ya miezi 8 tu mwaka wa 1991. Ila joto la juu ya ardhi linatoka kwa jua, kazi ya volkano ilikuwa kuleta hewa.

Mama K anza na Zebaki. Mchana inafika nyuzi 430, usiku inashuka hadi 180 chini ya sifuri, kwa sababu haina angahewa ya maana, ni chembe chembe tu. Ni kama mtu anaota moto akiwa uchi, akigeuka mgongo unaganda. Kuna hadi barafu kwa mashimo ya ncha zake ambako jua halifiki kamwe. Sasa Ng'andu iko karibu nyuzi 465, mchana na usiku, ncha na katikati, joto la kuyeyusha risasi ile ya betri ya gari. Na hapa ndipo wanafunzi wangu huwa wananyamaza: mawingu yake ya asidi ya salfa yanarudisha angani karibu robo tatu ya mwanga, kwa hivyo joto la jua inalonyonya ni kidogo kuliko letu! Kidogo hicho kinaingia, kutoka ndio shida, kwa sababu hewa yake ni kaboni dayoksaidi asilimia 96, hewa inayoshika joto kama blanketi, na ni nzito mara 90 na kitu kuliko hii tunayopumua. Nam Lolwe (Ziwa Victoria) pahali penye kina kabisa ni kama mita 80. Presha ya Ng'andu ni ya mtu aliyezama mita 900 baharini. Warusi walitua chombo chao Venera 13 mwaka wa 1982 kikafanya kazi dakika 127 basi.

Na swali lako la vumbi moja ni zuri sana, maana Dunia na Ng'andu zinakaribiana kwa ukubwa na hata kaboni inakaribiana. Yetu imefungiwa kwa mawe. Mvua inaosha kaboni kutoka hewani, mito inaipeleka baharini, matumbawe na makombe yanaigeuza kuwa chokaa. Kama umepita Koru ukaona chokaa ikichomwa, hiyo ni kaboni inatoka kwa jiwe inarudi hewani. Ng'andu ilikosa maji ya kufanya hiyo kazi, mvuke ulipanda juu, jua likauvunja, haidrojeni ikatoroka, na tunajua hivyo kwa sababu mwaka wa 1978 vyombo vilipima ile haidrojeni nzito iliyobaki nyuma wakakuta kiwango chake ndani ya haidrojeni yote kimezidi cha kwetu zaidi ya mara 100.

Kitale_usiku
Naongeza Mirihi maana mmeiacha. Hewa pia ni kaboni dayoksaidi, asilimia 95, lakini nyepesi hata asilimia 1 ya yetu haifiki, kwa hivyo blanketi ni ya aina ile ile ila imechakaa, baridi ni nyuzi 60 na kitu chini ya sifuri kwa wastani. Ni ndogo, ikapoa mapema, sumaku yake iliyokuwa ngao ikazima na upepo wa jua (chembe zinazorushwa na jua) ukaanza kupeperusha hewa, chombo cha MAVEN kilianza kupima hilo mwaka wa 2014. Lakini mito iliyokauka bado inaonekana. Mimi huku natazama Elgon kila asubuhi naona ni mlima mkubwa, kumbe Olympus wa Mirihi una kimo cha kilomita kama 22 na upana wa 600, ukitoka Nakuru uruke moja kwa moja hadi Mombasa hujamaliza. Ganda la Mirihi halisongi, kwa hivyo lava ilitokea pale pale miaka na miaka.

MamaK_Nakuru
Asanteni sana, mwalimu na wenzako Mungu awabariki. Nimemsomea yote, hapo kwa mtu anaota moto uchi ameelewa mara moja. Sasa anauliza, jiwe la Mirihi linafanana na hili jeusi la Menengai? Na mtu anaweza kulishika?

mwalimu_jio_Kisumu
Anaweza mama. Mwaka wa 1962 moja la kilo 18 lilianguka shambani Zagami, Nigeria, ni lava ya aina ya basalti, kwa hivyo ndugu yake wa karibu ni mawe meusi ya basalti ya huku Bonde la Ufa. Lilirushwa na kishindo huko Mirihi likazurura angani hadi likafika Afrika. Na mawe ya aina hiyo mengine yana hewa imenaswa ndani, walipoilinganisha na ile vyombo vya Viking vilipima Mirihi mwaka wa 1976, ni ile ile.

fundi_wa_visima
Mwalimu nimekubali hiyo ya joto, nilikuwa naangalia kisima peke yake. Mama K nina vipande vya obsidiani (kioo cha volkano) na basalti nyumbani, nikipita Nakuru wiki ijayo nitamletea kijana.