Mimi si Mkatoliki, nimealikwa kwenye kuwekwa wakfu kwa askofu. Nifanyeje?

Mlutheri_Mpole
Salaam wakuu. Mdogo wake rafiki yangu ni padre mmisionari. Shirika lake lilimtuma nchi ya misheni akiwa kijana, na sasa Papa amemteua kuwa askofu hukohuko. Nimealikwa na nitakwenda. Tatizo langu ni kwamba misa nimeingia za harusi na mazishi tu. Komunyo nifanyeje? Pete niibusu? Na kwa nini waje maaskofu wengi hivyo kumweka wakfu mtu mmoja? Kwetu maaskofu wapo pia, ila tunawapigia kura.

Fundi_wa_Mishumaa
Karibu sana, ndugu. Nimefundisha watumishi wa altare muda mrefu, na ibada hizi nazitazama nikiwa pembeni ya altare, pale unapoona hata shemasi mikono inavyomtetemeka.

Kwanza kula kabla ya kutoka. Saa tatu ni kawaida, nne si ajabu, na kinachorefusha si ibada, ni hotuba za mwisho. Kusimama na kukaa fuata wenzako, hakuna atakayekuhesabia. Komunyo baki kwenye nafasi yako, hilo wala si tusi kwa mtu. Pete si lazima. Mpe mkono, inamisha kichwa kidogo, mwite Baba Askofu, basi.

Kuhusu kura: huku hakuna. Nchi za misheni ziko chini ya Baraza la Kipapa la Uinjilishaji, ofisi iliyoanza mwaka 1622 kwa jina jingine. Balozi wa Papa huulizauliza kwa siri, majina yanapelekwa huko, na mwisho Papa anaamua. Ndiyo maana baada ya Injili utasikia barua ya Papa ikisomwa hadharani. Bila hiyo barua hakuna askofu anayeruhusiwa kumweka wakfu mwenzake. Ikimalizika kusomwa, watu wote wanaitikia kumshukuru Mungu, na hapo kelele za furaha zinapasua paa. Shangilia nao.

Halafu mahubiri, halafu maswali. Mteule anaulizwa mbele ya watu kama atalinda imani, kama atawahurumia maskini na wageni, kama atawatafuta kondoo waliopotea. Anajibu moja moja. Kisha analala kifudifudi sakafuni wakati Litania ya Watakatifu, sala ndefu ya kuwaomba watakatifu watuombee, inaimbwa. Ikiwa ni Dominika au kipindi cha Pasaka mtabaki mmesimama, siku nyingine mtapiga magoti.

Sasa hapa ndipo nakuomba simu uiweke mfukoni. Baada ya litania askofu anayeongoza ibada anamwekea mikono kichwani bila kusema neno. Wanafuata maaskofu wengine wote, mmoja mmoja, nao kimya. Kwaya imenyamaza, kinanda kimenyamaza. Watu wasiojua hudhani kipaza sauti kimeharibika. Hakijaharibika! Kisha kitabu cha Injili kinafunguliwa na kuwekwa juu ya kichwa chake, na mashemasi wawili wanakishikilia, huku na huku, mpaka sala ya kuweka wakfu iishe. Sala ni ndefu na kitabu ni kizito, ndiyo hiyo mikono niliyokuambia. Krisma (mafuta matakatifu) kichwani, kukabidhiwa Injili, pete, mitra (ile kofia ndefu ya askofu) na fimbo vinakuja baadaye. Kamera zote zinangojea mitra, lakini kufikia hapo mtu ameshakuwa askofu.

Wingi wa maaskofu ni kanuni ya zamani sana. Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ulitaka wasipungue watatu, na hadi leo ndivyo inavyofanyika: mmoja anaongoza, wawili au zaidi wanashirikiana naye. Maana yake ni kwamba haingii kazini peke yake, anapokelewa katika kundi.

Benchi_la_Nyuma
Fundi amesema vizuri, ila kuhusu simu anajisumbua. Watu wamesafiri, wanataka picha.

Fundi_wa_Mishumaa
Picha zipo, tena bila kusukumana. Baada ya komunyo huimbwa Te Deum, wimbo wa kumshukuru Mungu, na askofu mpya anazunguka kanisa lote akibariki watu. Anakufuata hapo ulipo. Chagua kiti cha kando ya njia, utampata usoni. Wanaokimbilia mbele wakati wa mitra wanaambulia migongo ya mapadre.

Mlutheri_Mpole
Nimecheka. Swali moja tena: kwenye kadi wameandika ni askofu wa mji fulani ambao hata kwenye ramani siuoni, lakini ataongoza vikarieti. Wamekosea?

Fundi_wa_Mishumaa
Hawajakosea. Vikarieti ya kitume bado haijawa jimbo kamili, ni hatua ya Kanisa changa, na anayeiongoza anaiongoza kwa niaba ya Papa. Kwa kuwa kila askofu hupewa jimbo, yeye anapewa jina la jimbo la kale lililokwisha kufa, mara nyingi mji wa zamani wa Afrika Kaskazini. Barua ikisomwa utausikia, na wenyeji watatazamana.

Na uone bahati uliyo nayo. Joseph Kiwanuka wa Masaka, Uganda, aliwekwa wakfu na Papa Pius XII tarehe 29 Oktoba 1939, Roma, pamoja na maaskofu wengine wa mataifa mbalimbali. Waamini wake wa Masaka hawakuiona mikono ile ikiwekwa. Huyu wenu anawekwa wakfu mbele ya watu atakaowachunga.

Benchi_la_Nyuma
Haya, simu mfukoni mpaka Te Deum. Mavazi je, Fundi? Asije akavaa zambarau akapewa fimbo yeye.

Fundi_wa_Mishumaa
Nguo yoyote ya heshima, na viatu ambavyo miguu imeshavizoea. Zambarau avae tu, fimbo tunailinda sisi.