Mtoto mwenye ADHD, Ramadhani, na kufungiwa Mji wa Kale: mwafanyaje?

MamaSuhayl (Mombasa, Mei 2020)
Asalaam aleikum jamani. Tuko Mji wa Kale, tumefungiwa kwa sababu ya korona tangu tarehe 6 Waziri wa Afya, Kagwe, alipotangaza. Hakuingii mtu, hakutoki mtu. Mwanangu ana miaka tisa na ana ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kumakinika. Skuli zilipofungwa Machi tulijikaza: alfajiri babake akimpeleka kuogelea, akirudi amechoka, anakalika. Sasa bahari hakuna, chuo cha Qur'ani hakuna, na barazani askari wanawatimua. Kazi yake ni ngazi. Apanda, ashuka, apanda, ashuka, mpaka bibi wa chini agonga dari kwa mpini wa fagio, nami nagonga sakafu kumjulisha nimesikia.

Mwalimu atuma kazi kwa WhatsApp, picha za kurasa, nyengine zimekatwa ubavuni. Hesabu mbili, kisha ataka kujua papa hulala vipi, kisha ukigeuka kiti ki tupu.

Hayo nayavumilia. Yanayonisumbua ni mawili. Kidonge chake cha ADHD hunywa asubuhi baada ya chai, na mwaka huu ameshikilia kufunga kama binamu zake. Najua saumu haijamlazimu. Lakini mtoto anayeambiwa kutwa "kaa, acha, nyamaza" amepata kitu anachokiweza sawa na wenzake, sina moyo wa kumnyang'anya. Nimpe daku au baada ya kufuturu? La pili, vidonge vinakaribia kwisha na duka la dawa liko ng'ambo ya kizuizi.

Mzee_Kibokoni
Sisi zamani hatukuwa na ADHD, tulikuwa na bakora.

MamaSuhayl
Shikamoo mzee wangu. Bakora alizila sana kwa mwalimu wake wa kwanza. Ngazi bado azipanda.

NesiWaPwani
Dada, kama kidonge chenyewe ni methylphenidate ya kawaida, si ile ya kutoka polepole, nguvu yake hudumu kama muda wa saa nne tu. Ukimpa daku saa kumi, ikifika saa mbili imeshalegea. Basi kazi ya skuli aifanye mara baada ya swala ya alfajiri, usingoje jua lipande. Baada ya futari usimpe, utakesha naye. Na kwa kuwa hupunguza hamu ya kula, daku ale na anywe maji kwanza, kidonge kifuate. Lakini mpigie daktari wake kabla hujabadilisha saa, kwa simu yatosha siku hizi. Wala usikate vidonge nusu nusu ili vifike mbali. Mtoto akihisi kizunguzungu au moyo kumwenda mbio, afungue palepale.

Dawa hiyo haitoki bila cheti, kwa hivyo mwombe daktari akitume dukani mwenyewe, na mzee wa mtaa azungumze na askari mapema. Usingoje kibaki kidonge kimoja.

BintiLamu_Leicester
Pole mamangu. Huku Uingereza ilikuwa kutoka mara moja kwa siku kwa mazoezi, mpaka Aprili serikali ikafafanua kwamba mwenye hali ya kiafya inayomlazimu, kama usonji, aweza kutoka zaidi. Kwenu hamna mwanya huo, basi mchoshe humo humo ndani. Wangu nampa kazi za misuli: kukanda unga, kubeba ndoo, kusugua sakafu. Na hesabu afanye amesimama, karatasi ukutani. Kiti ni adui, kiondoe.

MamaSuhayl
Ahsanteni sana. Daktari amekubali daku, kwa sharti kwamba nimpime uzani kila Ijumaa, na akipungua saumu isimame. Leo kazi ya Kiingereza imekwisha kabla ya saa moja, mimi mwenyewe sijapiga mswaki. Jioni amekanda unga wa chapati za futari, unga mpaka kwenye nyusi, na chapati zimetoka laini kuliko zangu (babake asisome hapa). Adhana ni saa kumi na mbili na robo na kafyu ni saa moja, kwa hivyo hata kuwapelekea jirani ni mbio, na mbio ndizo alizozaliwa nazo.

Vidonge bado. Duka litampa mtu wa bodaboda kesho, atafika mpaka kizuizini, tuone askari wa zamu atasemaje. Na wewe wa Leicester, hiyo karatasi ukutani waibandika kwa kitu gani? Selotepu kwetu yang'oa chokaa.