Maumivu madogo ya goti: niendelee na mchakamchaka au nipumzike?

Mkazi wa Mwanga, Kigoma
Habari za jioni, wanajamvi. Mimi ni mama wa miaka 52. Alfajiri hukimbia mchakamchaka kwa kushuka barabara ya Lumumba hadi stesheni ya reli, kisha napandisha kurudi nyumbani kabla jua halijawa kali. Tangu nilipoongeza mwendo baada ya Ramadhani, goti la kulia limeanza kuuma kwa mbele, kuizunguka pia ya goti, kile kifupa cha mbele. Halijavimba, na kwenye tambarare natembea bila shida, ila nikishuka ngazi, au nikiinuka baada ya kukaa muda mrefu kikaoni, maumivu huja. Daktari alinitaka nifanye mazoezi kwa ajili ya presha, hivyo sipendi kuyaacha. Jirani mmoja ananihimiza nipumzike kabisa hadi goti lipone, na mwingine amenishauri nimeze diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kabla ya kutoka. Nifuate lipi?

Mwalimu wa michezo, Ujiji
Shikamoo mama, na pole sana. Mimi naitazama kwanza hiyo njia yenyewe. Wengi hudhani kupanda mlima ndiko kunakoumiza magoti, kumbe ni kwenye kuteremka ambapo misuli ya mbele ya paja hulazimika kuuzuia mwili usiporomoke, na nguvu hiyo huikandamiza pia ya goti dhidi ya mfupa wa paja. Kutoka Mwanga hadi stesheni ni mteremko, nawe unauanza misuli ikiwa bado haijapata joto. Kwa sasa kimbilia mahali tambarare, mfano pale kwenye uwanja wa Lake Tanganyika, na upunguze umbali uliouzoea karibu nusu. Ukikitamani kilima, kipande kwa mbio na ushuke kwa kutembea, kwa hatua fupi.

Mtaalamu wa mazoezi tiba, Tabora
Naungana na mwalimu. Kwa maumivu ya aina hii hatushauri mapumziko kamili, kwa kuwa misuli ya paja hulegea upesi na goti hubaki bila wa kulisaidia. Yape maumivu alama kuanzia 0 hadi 10. Yasipozidi 3 wakati wa mazoezi, na kesho yake asubuhi goti likawa limerudi katika hali yake, endelea, yakizidi, punguza.

Pamoja na hayo, mama, imarisha misuli. Egemeza mgongo ukutani, nyayo zikiwa mbele kidogo, uteremke taratibu kana kwamba unakaa kwenye kiti kirefu, uishie pale ambapo goti bado halijaanza kuuma, utulie hadi uhesabu 20, kisha upande. Halafu lala kwa ubavu wa kushoto na uinue mguu wa kulia ukiwa umenyooka. Zoezi hili la pili wengi hulipuuza, ilhali nyonga ikiwa dhaifu goti huingia ndani kila unapokanyaga. Fanya hivyo siku 3 kwa wiki, kwa subira, maana nafuu ya kweli huchukua wiki 6 hadi 12.

Diklofenaki tafadhali usimeze bila daktari wako kujua. Dawa za kundi hilo zinaweza kupandisha presha na kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha, mbali na madhara yake kwa tumbo na figo. Tena huficha maumivu yale yale yanayokuonyesha pa kuishia. Goti likivimba, likipata joto, likikwama, likikuachia ghafla, au ukishindwa kulikanyagia, nenda hospitali bila kungoja.

Mkazi wa Mwanga, Kigoma
Marahaba mwalimu, na nyote nawashukuru sana. Siku ambazo sikimbii, je, naweza kwenda sokoni kwa baiskeli?

Mwalimu wa michezo, Ujiji
Unaweza, mama, ila kwanza rekebisha kiti. Kikiwa chini mno, goti hukunjika sana na pia ya goti hubanwa vilevile kama kwenye mteremko. Kipandishe hadi pedali inapofika chini kabisa mguu ubaki na mkunjo mdogo tu. Penye mlima, shuka uikokote.